Kapeti la gari ya zamani likifungwa vibaya: namna ya kulitoa na kulirudia

Kama una gari ya zamani uliyoijenga upya, mwenyewe au kwa fundi, halafu kapeti lina mikunjo kama shuka la bachela, pembeni limebanduka na ukikanyaga upande wa abiria linafanya chwaa, tafadhali usikimbilie kununua gundi. Najua ndo kitu cha kwanza kinachokuja kichwani, unapaka palipobanduka, unaweka tofali juu usiku kucha, asubuhi limeshika unafurahi, wiki mbili mbele limebanduka tena na safari hii limeondoka na rangi ya sakafu. Nimefanya huo ujinga kwenye gari yangu kabla sijaanza kuzishika za watu. Kapeti halibanduki tu lenyewe, kuna kitu chini kinalisukuma, na mara nyingi ni maji.

Ntaelezea kwa kutumia Peugeot 504 ya mzee mmoja hapa Mwanza kwa sababu ile ilikuwa na kila kosa. Wasioijua, 504 ilianza kutoka 1968, mwaka uliofuata Ulaya wakaipa tuzo ya gari ya mwaka, na huku kwetu wazee wanaikumbuka kwa Safari Rally maana iliibeba 1975 na tena 1978. Mzee alikuwa ameipiga rangi nzuri kweli, siti za mbele kaweka za Toyota Mark II, katikati kachongewa konsoli ya mbao ya mninga. Nje inang'aa. Ukifungua mlango inanuka kama boti ya dagaa. Dogo wangu wa gereji alivyoingiza kichwa akatoka hapohapo, "bhebhe, kuna sato amefia humu."

Aliyelifunga lile kapeti (simtaji, na hata mzee mwenyewe alishamsamehe) alichukua zulia la sebuleni, lile lenye sponji nyeupe imebandikwa chini, akalikata kipande kimoja kizima, akamwaga gundi sakafu yote halafu akalilaza kama anatandika chumba. Sasa sakafu ya gari sio sakafu ya nyumba. Katikati kuna mgongo unaopitisha giaboksi na shafti, kuna mashimo ya siti, kuna mteremko wa kwenda kwenye pedeli. Zulia nene halikubali kuinama mara mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila kona likatoa mkunjo, na mkunjo mmoja ulikuwa nyuma ya pedeli ya mafuta. Mzee alikuwa anashuka na ule mlima wa Bugando, akaachia mafuta, gari ikaendelea kuvuta. Alikanyaga klachi na breki pamoja, injini inalia juu mpaka watu wa bodaboda wakageuka kuangalia, akazima swichi akaegesha pembeni anatetemeka. Alichonieleza siku anaileta gereji ni "mwanangu, hii gari inataka kuniua", na mimi nikadhani waya wa mafuta. Kumbe zulia.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, hata kama huna hela ya kurudia kapeti mwezi huu, chukua kisu ukate hilo eneo la nyuma ya pedeli ulitoe. Litakuwa baya, liache liwe baya.

Halafu tafuta maji yanapoingilia KABLA hujang'oa kitu. Kaa ndani na tochi, milango imefungwa, mtu nje akumwagilie kwa mpira wa maji akianzia chini, yaani matairini na vizingitini, dakika kadhaa, ndo apande milangoni, mwisho kioo cha mbele. Akianzia juu maji yatatiririka kila mahali na hutajua yameanzia wapi. Gari za zamani zina sehemu zake za siku zote: mpira wa kioo cha mbele umekauka na kupasuka kwenye kona za chini, plagi za mpira za sakafuni zimepotea, tundu la waya kupita ukuta wa injini halina mpira wake. Na moja ambayo watu hawaijui, ile nailoni inayokuwa nyuma ya kava la mlango. Mafundi vioo wakifungua mlango wanaichana wanaitupa, wanaona takataka. Ile nailoni ndo inarudisha maji yaliyoingia kwa juu ya kioo yashuke chini ya mlango na kutokea kwenye vitundu vyake. Ukiitoa maji yanapita nyuma ya kava yanaingia kwenye kapeti, na mvua ikinyesha wewe unalaumu kioo cha mbele. Kata nailoni nzito, ibandike, zibua na vile vitundu vya chini ya mlango maana vumbi la huku huwa linaviziba kabisa.

504 ya mzee ilikuwa na hiyo ya nailoni, plus plagi mbili hazipo, plus kijana wake alikuwa anaipeleka kuoshea ziwani, anaiingiza majini mpaka nusu tairi. Ukikosa plagi halafu ukaingia ziwani, unachota maji kwa sakafu. Na oili yote ya chini unaliachia ziwa ambalo jioni unataka sato wake, ila hayo ni mengine.

Sasa kutoa. Toa terminali ya betri. Fungua siti, konsoli, mikanda, yale mabati ya vizingitini, na nati za kila kitu zikae kwenye mfuko wake umeandika juu, usiniambie utakumbuka. Piga picha hasa pale waya zinapopita. Kapeti la zamani likitoka usilitupe hata likinuka vipi, lianike kwenye uzio, utalihitaji kwenye kupima.

Gundi iliyobaki kwenye bati ndo kazi ya kuchosha. Mafundi wengi watakwambia petroli. Acha petroli, uko ndani ya kiboksi cha bati, mvuke wake unashuka na kukaa pale chini, cheche moja tu ya mtu anayechomelea gari ya jirani inatosha. Mimi natumia draya ya saluni, ile ya nywele, napasha eneo la kiganja mpaka gundi inalegea, nakwangua na kipande cha plastiki kigumu, nahamia pembeni. Mabaki nayafuta na kitambaa chenye tina ya rangi kidogo, milango yote wazi na sigara mbali. Mafuta ya taa nayo yanalainisha ila yanaacha utelezi, lazima uoshe na sabuni na ukaushe la sivyo hakuna rangi itashika hapo.

Bati likiwa wazi chukua bisibisi ugonge gonge na kuchokonoa kila penye wekundu. Ikizama, hapo hakuna bati, kuna kutu imepakwa rangi, na jibu lake ni kukata na kuchomelea kiraka, sio kupaka kitu juu. Kabla ya kuchomelea angalia chini ya gari mabomba ya breki na ya mafuta yanapita wapi, na sponji zote ziwe zimetoka nje. Kutu ya juu juu isugue na brashi ya waya na msasa, piga redi oksaidi, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, maungio yazibe na ile gundi nzito ya maungio ya bodi. Silikoni inayonuka siki usiilete humu, ile ina asidi, utaziba tundu na kuanzisha kutu mpya siku hiyohiyo. Ukimaliza iache ikauke siku kadhaa jua linapiga ndani, vioo wazi. Najua mteja anapiga simu. Apige.

Cha kuweka chini ya kapeti. Usiweke sponji ya godoro!! Ni laini, ni rahisi, fundi siti ana vipande vya bure, lakini inakunywa maji na haiyatoi. Kuna kipimo nimekizoea, kata kipande kidogo, kizamishe kwenye beseni dakika tano, kikamue. Kikitoa maji, hicho sio chako. Unataka ile sponji yenye vitundu vilivyofunga, kama ya ndala au mikeka ya mazoezi, ambayo ukiikamua haitoi hata tone. Kuhusu kelele, kuna zile shiti nzito zenye foili juu, nzuri sana, na huhitaji kufunika sakafu nzima. Gonga bati kwa vidole, linapolia kama debe ndo bandika kipande katikati yake, linapolia kama ubao achana nalo. Wengine wanatumia ule utepe wa lami wa kuzibia mabati ya nyumba. Ni rahisi kweli, ila gari ikisimama juani saa sita hapa Mwanza ndani panachemka, lami inalainika na harufu inakaa kwenye nguo zako. Kwenye mgongo wa katikati foili ina faida nyingine, ekzosti iko karibu na joto linapanda.

Kapeti lenyewe sasa. Usiende dukani ukauliza "kapeti la gari" ukakubali unachopewa. Omba kipande, likunje kwenye kidole uso ukitazama nje. Likifunguka ukaona mgongo wake mweupe kati ya manyoya, kwenye ule mviringo wa katikati ya gari litaonekana hivyohivyo, kama kichwa kinaanza upara. Liwe jembamba, liwe halina sponji nyuma, na liwe linavutika kidogo ukilivuta kwa mshazari. Rangi utaamua mwenyewe, ila nyeusi tii inaonyesha vumbi kuliko unavyodhani, kijivu cha kiza kinakusitiri. Ile 504 ilikula mita tatu na nusu za upana wa mita mbili pamoja na buti, na nusu mita ilitokana na ujinga wangu, ntakuja hapo.

Kitu watu wanasahau ni mwelekeo wa manyoya. Pitisha kiganja, upande mmoja yanalala, upande mwingine yanasimama. Vipande vyote vilale upande mmoja, mimi huwa nalaza kuelekea nyuma ya gari. Ukichanganya, kitambaa ni kilekile lakini jua likiingia utaona rangi mbili na mteja ataapa umechanganya roli.

Na usikate kipande kimoja kizima, hilo ndo kosa la kwanza la yule mwenzetu. Gari ya namna hii inataka vipande: mgongo wa katikati peke yake, sakafu ya mbele kulia na kushoto, ya nyuma kulia na kushoto, vizingiti, buti. Mgongo ndo unaanza halafu vya sakafu vinakuja kufunika kingo zake. Pateni tengeneza kwa boksi jembamba au zile karatasi za kaki, laza, finyanga kwenye kona, chora, kata, rudia mpaka ikae bila kuishika. Hapo ndo kapeti la zamani linakusaidia kwa mashimo ya nati, ila kumbuka lilifungwa vibaya, mashimo yake mengine ni ya kubahatisha, hasa kama siti sio za gari hiyo. Za Mark II zimechomelewa miguu yake mipya, kwa hiyo nilipima kwenye bati upya na kile cha zamani nikakitumia kwa umbo tu. Ongeza sentimita tano kila upande, utazipunguza baadaye, hakuna anayeziongeza.

Ujinga wangu ni huu. Unachora mgongoni mwa kapeti sio usoni, na mgongoni kila kitu kinageuka. Nikalaza pateni ya kushoto nikachora, nikaigeuza ili nipate kulia, halafu dogo akaniita nipokee simu, nikarudi nikaigeuza tena. Vipande viwili vya kushoto, vizuri, vimenyooka, havina kazi. Siku hizi naandika kwa chaki kubwa kwenye boksi, upande mmoja KUSHOTO upande mwingine KULIA, na mshale wa manyoya.

Kingo zisiache wazi, zitafumuka. Cherehani ya fundi nguo ya kawaida itavunja sindano, nenda kwa mafundi turubai au fundi siti wakupigie utepe kuzunguka. Kama unashona kwa mkono, uzi wa nailoni wa kushonea nyavu kutoka Kirumba na shazia ndo dawa, hauozi na haukatiki, wavuvi walishatufanyia majaribio. Kwenye mgongo wa katikati pale mviringo unapoanza kupanda kwenda kwenye deshibodi utahitaji kukata pembe tatu ndogo na kuzishona zifunge, mbili tu kwa kawaida, na zifichwe chini ya konsoli.

Kufinyanga unatumia joto na maji. Kitambaa cha pamba kibichi juu ya mgongo wa kapeti, pasi juu yake, mvuke ukiingia unalivuta kwa kiganja mpaka likubali umbo, unalishikilia lipoe. Haya mengi ni plastiki, pasi ikigusa manyoya moja kwa moja yanayeyuka yanakuwa kama kovu, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Gundi, na hapa ntasema msimamo wangu, kapeti la gari lisigandishwe lote. Gandisha mgongo wa katikati na vizingiti basi. Vipande vya sakafu vikae kwa mikanda ya kunata kama ya viatu vya watoto au kwa vifungo vya kubana, ili siku maji yakiingia, na yataingia, unavitoa unavianika unavirudisha mchana huohuo. Mzee alilipinga hili sana, aliona kama namfanyia kazi nusu. Nikamnyanyulia kipande cha abiria kwa mkono mmoja mbele yake, nikamuonyesha sakafu, nikakirudisha. Akanyamaza, kisha akakinyanyua mwenyewe mara tatu.

Gundi ile ya njano ya mafundi viatu inafaa, sio ya maji, ya maji inaachia kwenye joto. Paka nyembamba pande zote mbili, bati na kapeti, subiri mpaka ukigusa kwa kidole inanata lakini haivutiki nyuzi, ndo ubandike, ukianzia katikati juu ya mgongo unashuka pembeni huku na huku. Ukianza na ukingo mmoja mkunjo unaukusanya mwishoni. Usipake asubuhi yenye ukungu au mvua imetoka kukata, unyevu unakaa juu ya gundi na haishiki. Na usipake jioni karibu na ziwa milango ikiwa wazi. Mara ya kwanza nilifanya hivyo, taa ya gereji inawaka, wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi wakaingia wote kwenye gundi mbichi. Sakafu ilionekana imemwagiwa pilipili manga. Niliikwangua yote nikaanza upya kesho yake saa nne asubuhi.

Mashimo ya nati usitoboe na drili. Drili inakamata uzi mmoja wa kapeti na kuuvuta mstari mzima, sekunde moja umeharibu kazi ya siku mbili. Choma shazia kutokea chini ya gari upate katikati ya tundu, halafu pasha msumari mnene uwe mwekundu uchome kwa juu, plastiki inayeyuka na kujifunga kingo. Chini ya miguu ya siti kata dirisha la ukubwa wa mguu, kapeti na kilicho chini yake vitoke, chuma kikae juu ya chuma. Ukibana siti juu ya kapeti leo imekaza, baada ya mwezi kapeti limelala na siti inacheza. Nati za mikanda vilevile, tena hizo ndo usifanye mchezo kabisa.

Mwisho kabisa kaa kwenye siti ya dereva, injini imezimwa, bonyeza mafuta mpaka chini kwa mkono kisha uachie, mara ishirini, uwe unaangalia. Irudi yenyewe kila mara bila kugusa kitu. Kapeti hapo lishikwe kingo zote, na usitandike juu yake mkeka wa mpira usio na kulabu. Halafu rudia ule mtihani wa mpira wa maji, na baada ya wiki mbili kaza nati za siti tena.

Mzee aliirudisha baada ya wiki tatu, nikajua kuna kitu kimebanduka. Kumbe alitaka na buti, maana mimi nilikuwa nimeifunga yeye akaona haijalingana na ndani. Nilipoangalia, manyoya yalikuwa yamelala kinyume.